Veranda ya Norfolk na Mtaa Ulio Mbele Yake

Hoteli ya Norfolk jijini Nairobi ina anwani ambayo waanzilishi wake wasingeikubali kamwe. Ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, ikawa kituo cha walowezi, wawindaji na matajiri wa Ulaya na Marekani waliokuja kutafuta ndovu na simba. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909 alifikia hapo. Leo ukitaka kufika Norfolk, unamwambia dereva akupeleke Barabara ya Harry Thuku.

Harry Thuku hakuwa mgeni wa hoteli ile. Alikuwa kijana wa Kiambu, mpokea simu katika Hazina ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1921 aliongoza kuundwa kwa East African Association, chama kilichopinga kitambulisho cha lazima cha kipande, kodi ya kibanda, kukatwa kwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Polisi walimkamata Machi 14, 1922. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na kufikia Machi 16 maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo cha polisi alimozuiliwa, hatua chache kutoka veranda ya Norfolk.

Wajumbe wa umati ule walikwenda kuonana na Charles Bowring, Katibu wa Koloni, wakarudi na ahadi kwamba Thuku angetendewa haki. Wakawaomba watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipopandisha gauni lake hadi mabegani mbele yao, akawataka wampe suruali zao na wao wachukue gauni. Kwa mila za Wakikuyu hakuna tusi zito kuliko hilo. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga langoni, askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa walioanguka mwanzo. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu waliokuwapo walisema ni wengi zaidi ya hapo. Simulizi za siku zile, zikiwemo za Wazungu wenyewe, zinasema baadhi ya walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli nao walishika bunduki wakawafyatulia watu waliokuwa wakikimbia.

Naanzia hapa kwa sababu kila Nairobi inapochemka, swali linalotoka ng'ambo huwa lile lile: je, ni salama kwa mtalii? Ni swali la haki. Mtu aliyeweka akiba miaka mitatu ili aone nyumbu wakivuka Mto Mara ana sababu ya kuuliza. Lakini huulizwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, ilhali jiji hili limekuwa likilijibu kwa zaidi ya karne moja, na jibu limeandikwa kando ya njia ambayo mtu anaweza kuitembea asubuhi moja: kutoka Norfolk, kupitia Chuo Kikuu, hadi Uhuru Park, kanisa la All Saints na Bunge. Mara ya kwanza maandamano ya kisiasa na wageni wa hoteli walipokutana hapa, mgeni hakuwa hatarini. Baadhi ya wageni ndio waliokuwa hatari.

Mbele ya hoteli kuna Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, na pembeni yake Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu miaka ya 1970 wanafunzi na polisi wamerushiana mawe na vitoa machozi katika barabara hizi mara nyingi kiasi kwamba wahudumu wa hoteli waliokaa kazini muda mrefu walijua la kufanya bila kuambiwa: kufunga madirisha ya upande wa barabara, kuleta vitambaa vilivyolowa maji, kuwahamishia wageni bustanini nyuma. Moshi haujui pasipoti. Lakini kati ya moshi na madhara ya kweli kuna umbali mkubwa, na kwa miongo yote hiyo lango la Norfolk halikuwa shabaha ya mwanafunzi yeyote.

Lilikuwa shabaha ya mtu mwingine. Usiku wa Desemba 31, 1980, wageni wakiwa katika karamu ya Mwaka Mpya, bomu lililotegwa katika chumba kimoja lilibomoa sehemu ya hoteli na kuua watu wapatao 20. Wakati huo Norfolk ilimilikiwa na familia ya Kiyahudi ya Block, na wengi waliliona shambulio lile kuwa kisasi cha Kenya kuwasaidia Waisraeli katika uokozi wa mateka wa Entebbe mwaka 1976. Kisha ukalipuliwa ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998, watu 213 wakafa, wengi mno wakiwa Wakenya. Ikafuata hoteli ya Paradise kule Kikambala, Novemba 28, 2002. Kisha jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013.

Katika mazungumzo ya usalama wa watalii ugaidi na maandamano huwekwa kapu moja, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Gaidi humtafuta mgeni, kwa sababu kifo cha mgeni ndicho kinachobeba habari yake hadi magazeti ya mbali. Mwandamanaji anamtafuta waziri. Anataka Bunge, anataka Ikulu, anataka kituo cha polisi alimofungiwa ndugu yake, na mtalii akipita katikati ya shughuli hiyo ni kama mtu aliyeingia ukumbini mazishi yakiendelea: atatazamwa kidogo, atasogezwa kando, na watu watarudi kwenye msiba wao.

Ukiteremka University Way utapita Kituo Kikuu cha Polisi, ambacho katika siku za maandamano mawakili hukesha nje yake wakitafuta majina ya wateja wao. Endelea na Uhuru Highway mpaka kona inapokutana na Kenyatta Avenue. Hapa ndipo Freedom Corner. Februari 28, 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika kona hii wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Mwanamazingira Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Machi 3 polisi walikuja na virungu na vitoa machozi; Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari vijana, na miaka 70 baada ya Nyanjiru, mwendo wa dakika chache kutoka pale alipoanguka, tusi lile lile likarudi likiwa halijapungua uzito. Walihamia ng'ambo ya barabara, katika kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wafungwa wengi waliachiliwa mapema 1993.

Mabasi ya watalii yalipita Uhuru Highway siku zote hizo. Kutoka dirishani mtu angeona hema, mabango na wanawake wazee wameketi kwenye nyasi. Dakika chache baadaye angekuwa mbele ya Makumbusho ya Taifa akitafuta tiketi.

Kwa Kamukunji itabidi tuiache njia yetu kidogo, kwa kuwa iko mashariki, karibu na Gikomba na Shauri Moyo, mahali ambapo hakuna wakala wa safari anayempeleka mteja. Mkutano wa Saba Saba, Julai 7, 1990, ulipangwa kufanyika huko kudai mfumo wa vyama vingi. Serikali ya Daniel arap Moi iliupiga marufuku na kuwatia kizuizini walioitisha, Kenneth Matiba na Charles Rubia, siku tatu kabla. Watu walikwenda hata hivyo. Vurugu zilisambaa hadi miji ya Mkoa wa Kati na Nakuru kwa siku kadhaa, na serikali yenyewe ilikiri kuwa takriban watu 20 walikufa.

Matiba ananivutia kwa jambo ambalo husahaulika anapotajwa kama shujaa wa vyama vingi. Alikuwa mfanyabiashara wa hoteli. Kampuni yake, Alliance Hotels, ilikuwa na Jadini, Africana Sea Lodge na Safari Beach katika ufuo wa Diani, na wateja wake walikuwa Wajerumani, Waingereza na Waswisi walioshuka Mombasa kwa ndege za kukodi. Utalii wakati ule ulikuwa umeshaipita kahawa na chai kwa kuingiza fedha za kigeni, na wimbo wa serikali ulikuwa kwamba wapinzani wanawafukuza wageni. Matiba aliijua biashara hiyo kuliko mawaziri waliomkemea. Alijua kitanda kitupu kinagharimu kiasi gani, na bado aliwaita watu Kamukunji. Alipatwa na kiharusi kizuizini mwaka 1991, na afya yake haikurudi tena mpaka alipofariki mwaka 2018. Hoja kwamba mtu akae kimya ili mtalii asishtuke imekuwa ikitolewa na watu ambao hawana hata chumba kimoja cha kupangisha.

Lakini nisiifanye hadithi iwe nyepesi. Kuna nyakati ambapo siasa za Kenya zilivuka mpaka wa maandamano zikawa kitu kingine. Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kivuko chake, kisha wakawageukia watu wa bara walioishi pwani ya kusini. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Hayakuwa maandamano, yalikuwa mashambulizi yaliyopangwa kuelekea uchaguzi. Hoteli za Diani, zikiwemo zile za Matiba, zilibaki na wahudumu wakitazamana.

Miaka kumi baadaye ikawa zaidi. Uchaguzi ulifanyika Desemba 27, 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Naivasha, Nakuru na Eldoret, miji iliyo kwenye barabara kuu ya kwenda magharibi, ndiko moto ulikokuwa mkali, na Naivasha na Nakuru ni vituo vya kawaida vya safari za kuona ndege na vifaru. Kule Kibera vijana waling'oa reli iendayo Uganda. Hata Kampala na Kigali watu wakapanga foleni za mafuta. Katika wiki zile, mgeni aliyekuwa barabarani kati ya Nairobi na Kisumu alikuwa na sababu halisi ya kuogopa. Hakuna aliyemwinda. Tatizo lilikuwa vizuizi vilivyowekwa kila kilomita chache, mlinzi wa kila kizuizi akiuliza kabila la dereva. Jibu la dereva ndilo lililoweza kuua, na dereva ndiye aliyekuwa akimpeleka mtalii.

Kwa hiyo hatari ipo, na haiko mahali ambapo watu wa mbali huitazama. Wao huitazama mikono ya mwandamanaji. Mimi ningetazama barabara: kama bado inapitika, na nani ameketi mbele kwenye usukani. Watalii waliotoka katika Bonde la Ufa wakati ule waliondoka kwa ndege kutoka viwanja vidogo. Waliobaki nyuma ni wapishi, wapagazi, waosha magari. Wageni waliokuja Kenya walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2007 hadi milioni 1.2 mwaka 2008, na hoteli za pwani, kilomita mamia kutoka Naivasha, ziliwapunguza watu kazini kwa maelfu.

Turudi njiani. Kutoka Freedom Corner hadi Bunge ni mwendo mfupi kando ya bustani. Pembeni mwa Bunge kuna jengo refu lililokuwa hoteli ya InterContinental, na mtu aliyelala ghorofa za juu angeweza kuamka akaona paa la Bunge bila kuinua shingo. Hoteli hiyo ilifungwa mwaka 2020. Hilton, ile ya mnara wa duara karibu na sanamu ya Dedan Kimathi, ilifunga milango mwishoni mwa 2022. Wapita njia wengine hupenda kusema ni maandamano yaliyoziua. Wenye biashara wanataja korona, kisha wanataja Westlands, Karen, Gigiri na uwanja wa ndege, mahali ambapo wateja walikuwa wameanza kuhamia zamani. Mtalii wa leo anaweza kushuka Jomo Kenyatta, akalala Karen, akapanda ndege ndogo Wilson, akaenda Mara na kurudi, asikanyage katikati ya jiji hata mara moja.

Pengine ndiyo sababu Juni 2024 ilikuwa na sura mbili ambazo hazikukutana. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walianza kujitokeza Juni 18, wakiwa na maji, simu na bendera, wakielekezana kupitia TikTok na X. Juni 25 waliingia Bungeni. Sehemu ya jengo ilichomwa, risasi zikafyatuliwa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia mswada saini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 kufikia Julai 1, na idadi ikapanda hadi 60 katika miezi iliyofuata. Siku ile ile ya Juni 25 Auma Obama, dada yake Barack Obama, alikuwa akihojiwa na CNN mtaani vitoa machozi vilipomfikia, na dunia nzima ikamwona akifunika macho.

Sasa tazama takwimu za utalii za mwaka huo: wageni karibu milioni 2.4, ongezeko la takriban asilimia 15 juu ya 2023, idadi ambayo Kenya haikuwahi kuifikia. Zilikuwapo safari zilizofutwa Juni na Julai, na waliozipoteza wanazikumbuka kwa tarehe. Lakini mwaka kwa jumla ulipita kana kwamba Barabara ya Bunge iko nchi nyingine. Sioni fahari katika hilo. Kwa wizara inayohusika ni habari njema, na kwa mwenye kambi kule Narok pia. Ila mtu anayezisoma takwimu hizo mbili kwa pamoja atashindwa kusema kwamba watalii ndio waliokuwa katika hatari mwaka huo.

Je, mgeni akiwa Nairobi siku kama ile afanye nini? Asiende kutazama. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo wageni wengi hushindwa, maana simu mkononi humvuta mtu. Risasi ya polisi na jiwe havichagui, na katika msukumano kuna wezi wa simu waliokuja kazini kwao. Juni 2025 kulikuwa pia na wahuni wenye mijeledi na marungu waliofika kwa pikipiki kuwachapa waandamanaji, na hao hawakuwa wa kuulizwa maswali. La pili ni barabara ya uwanja wa ndege. Julai 2023, katika maandamano ya gharama ya maisha, kituo cha kulipia cha Mlolongo kwenye Nairobi Expressway kiliharibiwa. Julai 7, 2025, siku ya kumbukumbu ya Saba Saba, polisi wenyewe walizifunga barabara za kuingia katikati ya jiji na abiria wakashushwa kilomita nyingi nje. Awali Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 31 siku hiyo. Mgeni aliyekuwa na ndege ya jioni alichopoteza ni ndege.

Na neno mgeni lenyewe tunalitumia kwa ubahili, tukimfikiria Mzungu mwenye kofia pana tu. Mfanyabiashara wa Kampala aliyekuja Kamukunji kununua nguo za jumla, mwanafunzi wa Bujumbura, Mkongomani anayeishi Kayole, hao pia ni wageni. Hawana mtu wa kuwaokoa kwa ndege ndogo. Wanapanda matatu zile zile, wanashushwa pale pale, na askari hawezi kuwatofautisha na kijana wa Githurai. Oktoba 29, 2025, Tanzania ilipopiga kura na maandamano yakazuka, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ikakatika kwa siku kadhaa. Mtalii aliyekuwa katika hoteli ya ufukweni alikuwa na jenereta na chakula. Mkenya aliyepanga chumba uswahilini hakuwa na njia ya kuwaambia wa kwao kama yu hai. Mashauri ya usafiri ya balozi za Magharibi hayaandikwi kwa ajili yake.

Nje ya moja ya hoteli za Karen niliongea na dereva wa watalii, mzee wa makamo aliyeanza kazi enzi za Saba Saba ya kwanza. Nilimuuliza huwa anawaambia nini wateja.

"Mzee wangu, siku hizi maandamano yana tarehe," alisema. "Zamani ulikuwa ukishtukia tu. Sasa Juni 25 na Julai 7 ziko kwenye kalenda kama Krismasi. Mteja wa tarehe hiyo namchukua saa kumi alfajiri, napita Southern Bypass, jua likitoka tuko Rironi tunakunywa chai."

Na Juni 25, 2024?

Siku hiyo alikuwa na wageni wanne katika kituo cha twiga, Lang'ata. Walipata habari kwenye simu zao, wakamwuliza kama wako salama. Akawaambia ndiyo, na lilikuwa kweli. Kutoka pale hadi Bunge ni zaidi ya kilomita 15. Hakuwaambia kwamba binti yake wa chuo kikuu alikuwa mjini tangu asubuhi na simu yake haikuwa ikishika. Binti alirudi saa tatu usiku kwa miguu, macho yamevimba. Wageni walitaka kuondoka kwenda Mara mapema kuliko ilivyopangwa, basi akaosha gari usiku ule ule, na alfajiri wakaingia barabarani.